Meno ya Kisanduku Hayakai: Kutafuta Kasoro kwenye Mbao Zilizokatwa kwa Leza

Kisanduku cha meno, yaani kile ambacho meno ya ukuta mmoja huingia kwenye mapengo ya mwingine, kikikataa kukaa, wengi hukimbilia kuchezea nguvu na kasi ya leza. Mara nyingi kasoro haipo huko. Anza kwa kuangalia meno yamekosea upande gani.

Yakicheza au yakibana kwa ubavu, yaani kufuata urefu wa ukingo, chanzo ni upana wa mkato: ule ubao unaoungua na kutoweka pale mwali unapopita. Yakichomoza nje ya ukuta wa pili, au yakizama ndani yake, chanzo ni unene wa ubao. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na kurekebisha kimoja hakuponyi kingine. Kuvichanganya ndiko kunakomaliza karatasi nzima za plaiwudi kwa majaribio yasiyo na mwisho.

Yafuatayo yanahusu plaiwudi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 3 hadi 6, kwa mashine za leza za CO2 na za dayodi. Uwe na kalipa, skwea, msasa namba 180 au 220, na mabaki ya ubao uleule unaoutumia. Mabaki ya ubao mwingine yatakudanganya.

Vipimo viwili vya kuanzia

Unene. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 3 inaweza kuwa 2.7, inaweza kuwa 3.3, na karatasi moja yaweza kutofautiana kutoka kona hadi kona. Usiamini lebo. Pima sehemu tano, na angalau mbili ziwe mbali na kingo, maana kingo ndizo huvimba kwa unyevu na kugongwa wakati wa kubebwa. Ukiona tofauti inazidi milimita 0.2, panga vipande vyote vya kisanduku kwenye eneo moja la karatasi au chukua karatasi nyingine.

Upana wa mkato. Chora mstatili wa milimita 100 kwa 20, uugawe kwa mistari tisa upate vipande kumi vya milimita 10. Ukate bila fidia yoyote, yaani bila kusogeza mistari ili kufidia mkato, puliza masizi (usipige msasa), visukume vipande vyote vigusane, kisha pima urefu wake wote. Kila kipande kimepoteza nusu ya mkato kila upande, kwa hiyo upungufu wote ni mikato kumi. Ukipata 98.2, umepungukiwa 1.8, upana wa mkato ni 0.18. Kwa CO2 kwenye plaiwudi ya milimita 3, tarajia kitu kati ya 0.1 na 0.25.

Rudia jaribio ukiwa umeuzungusha mchoro nyuzi 90. Kwa leza ya dayodi hatua hii si ya hiari: nukta ya mwali wake kwa kawaida ni ya mstatili, si duara, hivyo mkato wa kwenda kushoto na kulia unaweza kuwa na upana tofauti na ule wa kwenda mbele na nyuma.

Dalili: meno yanaingia lakini yanacheza

Sababu inayoongoza ni mchoro usio na fidia. Hesabu yake ni hii. Umechora jino la milimita 10 na pengo la milimita 10. Mkato ni 0.2. Jino linatoka na 9.8, pengo linatoka na 10.2. Nafasi iliyobaki ni 0.4, mara mbili ya upana wa mkato. Ndiyo maana hata mkato mwembamba huleta kisanduku kinacholegea.

Dawa ni kusogeza mstari wa nje wa kila kipande kwenda nje kwa nusu ya mkato, na mistari ya matundu ya ndani kuelekea katikati ya tundu kwa kiasi hichohicho. Programu nyingi hufanya hivyo zenyewe ukiziwekea namba sahihi, na hapo ndipo penye sababu ya pili: nyingine hutaka upana wote, nyingine nusu yake. Boxes.py, kwa mfano, ina kigezo kiitwacho burn ambacho ni nusu ya upana wa mkato. Ukipima 0.18 unaandika 0.09. Kama hujui programu yako inataka ipi, weka namba kubwa ya makusudi, tuseme 1, kisha pima kwenye skrini mstari umehama kiasi gani.

Sababu ya tatu haionekani kwa macho: mchoro haujafungwa. Mstari ambao ncha zake hazikukutana hauna ndani wala nje, kwa hiyo programu haijui iusogeze upande gani, na mara nyingi huuacha ulivyo bila kusema neno. Unganisha ncha zote, kisha jaribu kukijaza kipande rangi. Kisipojaa, kuna pengo mahali.

Ya nne ni fokasi iliyopotea. Mkato unapanuka na fidia ya jana haitoshi leo. Pima upya kila unaposafisha au kubadilisha lenzi, na kila unapoanza karatasi ya ubao kutoka fungu jipya.

Fidia ikishakuwa sahihi, jino na pengo vinakuwa sawa kabisa. Ukitaka vishikane bila gundi, ongeza 0.02 hadi 0.05 kidogokidogo, ukijaribia kwenye vipande viwili vya milimita 60 vyenye meno matatu. Usijaribie kwenye kisanduku kizima.

Kilichokwisha kukatwa kikalegea si lazima kitupwe. Gundi ya kawaida ya mbao haijazi nafasi vizuri, ila ukichanganya na unga wa msasa wa ubao huohuo inafaa kwa nafasi ndogo. Zaidi ya hapo tumia gundi ya epoksi, ukikibana kisanduku kwenye skwea hadi ikauke.

Dalili: meno hayaingii

Kabla ya kuchukua nyundo, angalia jambo moja. Linganisha jino la kwanza na la mwisho. Kama yote yanabana kwa kiwango kilekile, ni fidia iliyozidi. Kama la kwanza linaingia vizuri na kadiri unavyoendelea yanazidi kuhama hadi la mwisho linagonga ukuta, vipimo vya mashine vimepotoka: kosa dogo linajilimbikiza kufuata urefu. Hilo la pili halitibiwi kwa fidia hata kidogo. Nenda kwenye sehemu ya kisanduku kilichotoka na vipimo vingine.

Fidia iliyozidi karibu kila mara ni fidia iliyowekwa mara mbili: mara moja kwenye programu ya kuchorea, mara ya pili kwenye programu ya kukatia. Chagua mahali pamoja pa kuiwekea, kwingine andika sifuri.

Baada ya hapo kagua kona za ndani za mapengo. Utomvu na gundi iliyoungua huganda pale kama chembe ngumu nyeusi, na chembe moja inatosha kuzuia jino lisifike mwisho. Ikwangue kwa ncha ya kisu. Angalia pia unyevu, maana mbao zilizokatwa na kuachwa mahali penye unyevu huvimba kabla ya kuunganishwa.

MDF inahitaji huruma zaidi. Plaiwudi laini huvumilia kubanwa, nyuzi zake zikabonyea kidogo. MDF haibonyei. Hupasuka katikati ya unene wake, na mpasuko ule huonekana siku ya kupaka rangi. Kwa MDF acha fidia isawazishe tu, usiongeze kitu.

Dalili: meno yanavunjika wakati wa kuunganisha

Jino jembamba kuliko unene wa ubao ni jino la kuvunjika. Upana wa mara mbili hadi tatu ya unene unafaa: kwa ubao wa milimita 3, meno ya 6 hadi 9. Kwa mbao nzima, si plaiwudi, nyuzi lazima ziende kufuata urefu wa jino kutoka shinani hadi nchani. Zikilikata jino kwa upana, litakatika kwa kidole. Hata plaiwudi ya tabaka tatu ina upande dhaifu, kwa kuwa tabaka zake mbili za nje zina nyuzi zinazoelekea upande mmoja.

Gonga kwa nyundo ya mpira, ukiweka kipande cha ubao juu ya ukingo ili meno yote yashuke pamoja. Kuingiza kona moja kwanza ndiko kunakovunja ya mwisho.

Dalili: meno yamechomoza, au yamezama

Hapa ni unene tu. Jino lililochorwa na urefu wa 3.0 kwenye ubao wa 2.8 litachomoza 0.2. Kwenye ubao wa 3.2 litazama 0.2. Upana wa mkato haubadilishi urefu wa jino, kwa sababu ncha na shina lake vyote hurudi nyuma kwa kiasi kilekile.

Weka unene uliopima, si ule wa kwenye lebo. Mafundi wengi huongeza 0.1 makusudi, jino lichomoze kidogo kisha lisawazishwe kwa msasa baada ya gundi kukauka. Ni tabia nzuri: kilichochomoza hupunguzwa, kilichozama hakivutiki nje.

Matundu yaliyo katikati ya ukuta, kama ya kushikilia kigawanyo au sakafu iliyoinuliwa, hufuata kanuni tofauti, na wengi hujikwaa hapo. Upana wa tundu hilo hutegemea vipimo vyote viwili. Ukilichora 3.0 bila fidia, mkato wa 0.2 unalitoa 3.2, na ubao wa 2.8 utacheza kwa 0.4 ndani yake. Bila fidia, chora tundu lenye unene halisi ukiondoa upana wa mkato. Kwa mfano huo, 2.6. Kama utapaka rangi au vanishi kabla ya kuunganisha, pima unene baada ya kupaka.

Dalili: kisanduku kizima kimetoka na vipimo vingine

Kata mraba wa milimita 100, upime pande zote mbili. Namba utakayopata ndiyo jibu.

Karibu 133 au 75: faili la mchoro la SVG limesomwa kwa nukta 72 mahali pa 96 kwa inchi, au kinyume chake. Karibu 106.7 au 93.8: mvutano ni wa 90 na 96. Programu ya kuchorea ya Inkscape ilitumia 90 hadi toleo la 0.92 lilipohamia 96, na michoro ya zamani bado inazunguka. Badilisha mpangilio wa kuingiza faili, au lihifadhi upya kwa milimita.

Kosa la sehemu ya milimita hadi milimita moja au mbili, upande mmoja tu: hatua za mota kwa milimita haziko sawa kwenye mhimili huo. Usikisie. Chora mstari mrefu kadiri meza inavyoruhusu, upime, kisha weka thamani mpya ambayo ni ya zamani mara urefu uliotakiwa, gawanya kwa urefu uliopatikana. Kumbuka kuondoa upana wa mkato kwenye hesabu. Ni rahisi zaidi kuchora alama mbili nyembamba na kupima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine.

Duara likitoka kama yai, au mstari usirudi pale ulipoanzia, kaza mkanda na kagua skrubu ndogo ya puli kwenye shina la mota. Skrubu hiyo hulegea kimyakimya. Zima mashine kabisa kabla ya kuigusa.

Pande zikiwa sawa lakini kisanduku kimekaa upogo, pima mishazari miwili ya mstatili mkubwa. Isipolingana, daraja linalobeba kichwa cha leza halijakaa mraba na reli zake, na hakuna mchoro utakaorekebisha hilo.

Dalili: mkato haujafika chini

Geuza karatasi uangalie mahali ambapo mkato haukutokea. Mpangilio wa sehemu hizo hueleza mengi.

Ni sehemu chache tu zisizo na utaratibu? Ni ubao. Plaiwudi huficha vifundo na mabaka ya gundi katika tabaka za kati, na plaiwudi ya nje iliyounganishwa kwa gundi ya fenoli hukatika kwa shida kuliko ya ndani. Rudia mkato mara moja bila kusogeza karatasi. Ikiwa ndiyo hali ya karatasi nzima, badilisha ubao.

Ni upande mmoja wa meza, au katikati tu? Karatasi imebetuka, au meza haiko sambamba. Katikati ikiinuka milimita 2, fokasi imeshapotea pale. Ilaze karatasi kwa uzito au sumaku nje ya njia ya kichwa, kisha pima umbali wa kichwa kwenye kona zote nne. Ikiwa ubao umelala vizuri na kona ya mbali bado inashindwa, vioo vinavyoelekeza mwali ndivyo vimehama.

Ni kila mahali? Fuata mpangilio huu: fokasi, lenzi, hewa, kasi, na mwisho kabisa nguvu. Kwa kukata, fokasi hufaa kushuka kidogo ndani ya ubao, hasa kuanzia milimita 5, badala ya kukaa juu ya uso. Lenzi ikiwa na ukungu wa moshi, itoe mashine ikiwa imezimwa na imepoa, dondoshea alikoholi ya aisopropili, ipanguse kwa pamba safi bila kukandamiza. Usiiguse kwa kidole. Kisha hakikisha hewa inatoka kwa nguvu kwenye nozeli. Bila hewa moshi hukaa ndani ya mkato na kuuzuia mwali.

Kupunguza kasi husaidia hadi mahali fulani tu. Baada ya hapo ubao unaungua pembeni badala ya kukatika, mkato unapanuka, na meno yanaanza kucheza. Mikato miwili ya kasi ni bora kuliko mmoja wa kusuasua.

Ni mwanzo vizuri, kisha inadhoofika kadiri kazi inavyoendelea? Kwa mashine ya CO2, pima joto la maji ya kupoza. Yakizidi nyuzi 25 hivi za Selsiasi, pumzisha mashine. Maji yasipozunguka kabisa, simamisha papo hapo. Tyubu ya kioo hupasuka kwa muda mfupi. Tyubu yenyewe pia huzeeka, hata ikikaa bila kutumika.

Kupanga vioo ni kazi ya hatari kwa sababu inafanywa milango ikiwa wazi, na mwali wa CO2 hauonekani. Kama hujafundishwa kuifanya, au huna miwani ya wimbi la leza yako hasa (ya dayodi haikulindi dhidi ya CO2), mwite fundi wa mashine.

Dalili: kingo zimelala

Kila mkato wa leza hulala kidogo. Kama kingo mbili za jino zinalala kwa kulingana, kila mmoja kuelekea katikati, hiyo ni kawaida na hupungua fokasi ikishuka. Kama zote mbili zinalala upande mmoja, mwali haushuki wima: lenzi imekaa vibaya au kioo cha mwisho kimepinda. Ihakikishe lenzi kwanza, maana ni rahisi kuiweka juu chini baada ya kuisafisha.

Dalili: kingo nyeusi, kona zilizoliwa

Mistari miwili iliyolaliana huchoma mahali pamoja mara mbili. Hutokea sana pale vipande viwili vilipopangwa vigusane. Futa mstari uliorudiwa. Kona pekee zikiungua, kichwa kinapunguza mwendo pale huku nguvu ikibaki ileile. Kwenye kidhibiti cha GRBL tumia amri ya M4 (nguvu hufuata mwendo) badala ya M3 (nguvu haibadiliki) na hakikisha mpangilio wa $32, yaani hali ya leza, ni 1. Kwenye vidhibiti vyenye nguvu ya chini na ya juu, shusha ile ya chini.

Alama za kahawia upande wa chini hutokana na mwali kurudishwa na wavu wa chuma. Inua ubao kwa vigingi milimita chache, au bandika tepu ya karatasi pande zote mbili. Tepu ya plastiki hapana.

Dalili: kipande kinasogea kabla hakijaisha

Matundu ya ndani yakatwe kwanza, mstari wa nje mwishoni. Ukitanguliza wa nje, kipande kinadondoka kidogo au kinainamia upande, na matundu yanatoka yamehama. Vipande vidogo viachie daraja la nusu milimita lisilokatwa, ulikate kwa kisu baadaye.

Pale pa kusimama

Usiache mashine ikikata bila mtu, hata kwa dakika moja. Ulimi mdogo wa moto unaofuata nozeli na kuzimika ni wa kawaida. Moto unaobaki nyuma baada ya kichwa kupita si wa kawaida. Simamisha, zima, funika. Kizimamoto cha CO2 kikae mkononi, kwa sababu cha unga huzima moto na kuharibu lenzi, vioo na reli.

Usikate PVC wala vinaili, hata kama ni kibandiko chembamba juu ya ubao: hutoa kloridi ya hidrojeni inayodhuru mapafu na kula chuma cha mashine. Mbao zilizotibiwa kwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki zisiingie kabisa. MDF ikate tu pale moshi unapovutwa nje.

Zima umeme na mwite fundi aliyesomea mashine hizi ukiona lolote kati ya haya: cheche au mlio wa kukwaruza karibu na tyubu, maji ndani ya boksi la mashine, harufu kali kama ya hewa baada ya radi, pawasaplai inayovuma, au mlango ukifunguliwa na leza isizimike. Pawasaplai ya tyubu ya CO2 hufikisha zaidi ya volti 10,000, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Usiifungue wala usiondoe waya mwekundu wa tyubu ili kujaribu tu. Swichi ya mlango iliyokufa nayo isiungwe moja kwa moja kwa waya ili kazi iendelee. Mashine ikae mpaka swichi mpya ifungwe.